Mawe Yanaota

Mlango wa nyumba ya bibi yangu ulikuwa na ngazi tatu za mawe. Mgeni angedhani fundi alizipanga siku moja na msingi. La. Nyumba ilipojengwa, miaka mingi kabla sijazaliwa, kizingiti kilikuwa sawa na ua, na kuku waliingia na kutoka bila kuruka. Kisha ua ukaanza kushuka. Babu akatafuta jiwe la kwanza, akaliweka mlangoni ili wanawe wasijikwae wakitoka usiku. Alipofariki, bibi akaongeza la pili. La tatu tulilileta mimi na kaka yangu kutoka mlimani, tumelifunga kwa kamba na kulining'iniza kwenye mti, yeye mbele, mimi nyuma. Nilikuwa darasa la nne. Bega lilivimba siku mbili.

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe, kuta za miti na udongo, paa la udongo, kwenye mteremko wa vilima vya Irangi wilayani Kondoa. Kila alfajiri bibi aliswali, kisha akafagia ua mpaka ukabaki na michirizi ya ufagio kama kitambaa kilichopigwa pasi. Vumbi lilikwenda ukingoni, na mvua ilipokuja ililichukua. Miaka ikipita nyumba ikawa kama imekaa juu ya kiti.

"Mawe yanaota," bibi alikuwa akisema. Hakuwa anasema kwa mafumbo. Shambani kwake, upande wa juu, kulikuwa na jiwe ambalo alipoolewa lilikuwa linachungulia tu, kiasi cha kichwa cha mtoto. Wakati nampelekea chakula shambani nilikuwa naegemea jiwe hilohilo, na lilikuwa na ukubwa wa mbuzi aliyelala. Kila msimu jembe liligonga mawe mapya mahali ambapo mwaka uliopita palikuwa laini. Wazee wengi wa upande wetu waliona hivyo. Waburunge, jirani zetu wa kusini, nao walisema vivyo hivyo, na mwanaanthropolojia wa Kiswidi, Wilhelm Östberg, alipochapisha kitabu chake juu yao mwaka 1995 alikipa jina lenye maana hiyo: nchi inapanda.

Mimi nilikwenda shule nikiwa na elimu hiyo. Siku moja mwalimu akauliza kwa nini mashamba ya kwetu yana mawe mengi. Nikanyoosha kidole, nikajibu kwamba yanaota. Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akacheka pamoja nao, kisha akaandika ubaoni neno refu: mmomonyoko. Jioni nilimkuta bibi anapeta uwele. Nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyeaibishwa kwamba mawe hayaoti, ila udongo ndio unaoondoka, na kwamba alikuwa amenifundisha uongo. Hakuacha kupeta. Akasema, "Mjukuu wangu, mimi shamba lile nimelilima miaka arobaini. Huyo mwalimu wako amelilima mingapi?"

Nimefundisha jiografia kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika maneno yote niliyowahi kuyatamka nikiwa mdogo, hilo la uongo ndilo ningependa kulirudisha kinywani. Bibi alikuwa ameona sawasawa. Kitu kimoja kilikuwa kinasogea na kingine kimesimama, naye akataja kile alichokiona kinasogea, kama mtu aliye ndani ya basi anavyoona miti inakimbia. Kipimo chake kilikuwa sahihi: kutoka kichwa cha mtoto hadi mbuzi aliyelala, kwa miaka arobaini. Mwalimu wangu alikuwa na jina la jambo. Bibi alikuwa na kipimo.

Jinsi udongo unavyoondoka niliiona kwa macho yangu kabla sijaisoma. Mvua za kwetu si nyingi, lakini huja kwa hasira, baada ya miezi mingi ya ukavu, wakati ardhi iko uchi na mifugo imeshakula hata mizizi ya nyasi. Tone kubwa la mvua hufika chini kwa kasi inayokaribia mita 9 kwa sekunde. Kwa jani ni kishindo kidogo. Kwa udongo mtupu ni kama kupigwa risasi, na chembe zinaruka huku na huku. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza nilikuwa napenda kuchutama ukingoni mwa ua. Kila kijiwe kilikuwa kimekaa juu ya kinguzo chake cha udongo, kirefu kama pingili ya kidole, kwa sababu kijiwe kilizuia matone na udongo wa chini yake ukasalimika, huku wa pembeni umekwenda. Vilikuwa mamia, kama uyoga. Hata maganda ya karanga yalikuwa na vinguzo vyake. Ukiinua macho kutoka pale ukaitazama nyumba ya bibi juu ya ngazi zake, unaona ni kijiwe kile kile, kikubwa zaidi.

Maji yanayoteremka kwa pamoja hutafuta njia. Kwanza ni vijifereji ambavyo jembe linaweza kuvifuta, kisha vinakutana, na siku moja unakuta ukingo, maji yanaruka kama kwenye ngazi. Hapo ndipo korongo linapozaliwa. Maji yakiruka yanachimba chini ya ukingo, ukingo unabaki umening'inia, halafu unakatika. Korongo halikui kwa kuteremka. Linakula kwenda juu, kuelekea kule maji yanakotoka. Usiku wa mvua tulilala tukisikia vishindo, dum, kisha kimya, kisha dum tena, na bibi akisema "Inna lillahi" kana kwamba kuna mtu amefariki. Mkuyu uliokuwa njiani kwenda mtoni ulibaki mizizi yake ikining'inia hewani, na sisi watoto tukaigeuza bembea.

Huko chini nako hakukupona. Kilichotoka mlimani kilikwenda kulala juu ya mashamba ya bondeni, mchanga mtupu, mweupe, uliofunika miwa na mahindi ya watu. Udongo wenye rutuba, ule mwepesi, ulikwenda mbali zaidi na maji. Mzigo mzito ndio uliobaki karibu. Mto ukaacha kuwa mto, ukawa uwanja mpana wa mchanga ambao ng'ombe waliuvuka bila kulowana.

Miteremko hii iliwahi kuwa na misitu ya miombo. Ilikatwa kwa ajili ya mashamba, kuni na majengo, na wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa pia ili kuwafukuza mbung'o. Ng'ombe waliongezeka. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliofahamika kwa kifupi kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Matrekta yalichimba matuta ya kontua, miti ikapandwa. Kisha mwaka 1979 ukafika uamuzi mzito kuliko yote: mifugo yote itolewe katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda.

Baba alikuwa na ng'ombe 11. Nawajua kwa majina hata leo. Aliondoka nao na mjomba alfajiri moja ya kiangazi kwenda kuwatafutia mahali pa kukaa mbali na sisi, nyikani, na baada ya wiki kadhaa akarudi mikono mitupu, ameshika fimbo tu. Ile fimbo aliisimamisha nyuma ya mlango, na pale ikakaa. Mama aliendelea kuosha vibuyu vya maziwa kila asubuhi kwa muda, mpaka siku moja nikaona vimetundikwa juu. Samadi nayo ilikwisha shambani. Watu wanaopita na gari wakisifia kijani cha Kondoa hawawezi kujua kijani kile kililipiwa na nani.

Lakini nyasi zilirudi. Lazima niliseme hili, ingawa kwa miaka mingi sikuweza kulisema nyumbani, kwa kuwa lingekuwa kama kumtukana baba. Mwaka wa kwanza zilikuwa za kubahatisha, mwaka wa tatu zilinifika magotini, na visiki tulivyodhani vimekufa vikachipua, maana miombo ina tabia hiyo, inaweka uhai wake chini. Matuta yalisaidia, lakini nikiulizwa mimi nitasema kilichofanya kazi kubwa ni ardhi kuachwa ipumue. Vinguzo vya udongo ukingoni mwa ua vilipungua. Makorongo hayakuziba, ila mengine yaliota majani pembeni na yakaacha kukatika kila mvua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu waliruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa wachache, wa kukatiwa majani na kulishwa bandani. Baba hakutaka. Alisema ng'ombe asiyetembea ni kama mgonjwa.

Nilipoanza kufundisha, nilifundisha mmomonyoko kama adui. Ubaoni nilichora korongo, nikaandika sababu upande wa kushoto na hasara upande wa kulia. Wanafunzi walifaulu mitihani. Aliyenibadilisha ni mwamba wa Kolo, hukohuko Kondoa.

Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi kuona michoro ya kale, ile iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Michoro ile tuliitazama kwa mbali, mikono nyuma, watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, twiga, pofu. Tukiwa tunapumzika mbali na michoro, msichana mmoja akaweka mkono kwenye jiwe la matale, na ganda likabanduka, nene kama chapati, likavunjika kiganjani mwake. Akaogopa kwamba ameharibu. Nikamwambia alete hapa. Tukalisaga kwa vidole. Zikatoka chembe za aina tatu: zilizong'aa kama vioo, nyingine za waridi hafifu zilizovunjika zikawa unga, na vipande vyembamba vinavyometameta, yaani ulanga. Nikazitia kwenye chupa ya maji, nikatikisa, nikaiweka juu ya jiwe. Chembe za kioo zikatua mara moja. Maji juu yake yakabaki na ukungu, na ukungu ule haukutua mpaka tulipoondoka.

Pale kwenye chupa kulikuwa na shamba zima la bibi yangu. Matale hupoa na kuwa mwamba kilomita nyingi chini ya ardhi, katika mgandamizo mkubwa. Kilicho juu yake kikiliwa na kuondoshwa kwa mamilioni ya miaka, mgandamizo unalegea, na mwamba unapasuka tabaka kwa tabaka, sambamba na uso wake. Jua la mchana na baridi ya usiku vinaendeleza nyufa hizo, mizizi ya mikuyu inajipenyeza. Maji ya mvua, ambayo yameshika kabonidayoksaidi ya hewani na ya kwenye udongo na kuwa na uchachu kidogo, yanayageuza polepole yale madini ya waridi kuwa mfinyanzi. Zile za kioo haziyeyuki, ndizo mchanga. Mfinyanzi ukichanganyika na mchanga, majani yaliyooza na wadudu, unapata udongo wa kupanda uwele. Kazi hii inafanyika mwamba ukiwa palepale, hausogei. Ndiyo maana sipendi kuiita mmomonyoko, ingawa vitabu vingine huyachanganya mambo haya mawili. Kuchakaa kwa mwamba ni kutengeneza. Mmomonyoko ni kubeba. Na kutengeneza sentimita moja ya udongo huchukua mamia ya miaka, wakati mvua moja ya Desemba, mteremkoni pasipo na majani, inaweza kuondoa kilichotengenezwa tangu enzi za mababu wa mababu.

Kwa hiyo jambo si kwamba milima inaliwa. Imeliwa siku zote, na bila hivyo tusingekuwa na bonde, wala mchanga, wala tambarare ya kulima. Jambo ni mwendo: mbebaji akimzidi mtengenezaji, mwamba unabaki uchi, na bibi anaona mawe yanaota. Mtengenezaji akimzidi mbebaji, mawe yanafunikwa, na mwenye shamba wala hajui kuwa yapo.

Mapango ya Kolo yenyewe ni kazi ya kuchakaa huko. Mapande yaliyoning'inia na kutengeneza vibaraza, ambamo watu wa kale walijikinga mvua na kuchora, yalitokea kwa sababu mwamba ulibanduka. Na kubanduka huko huko ndiko kunakomenya michoro. Mary Leakey, aliyeinakili mwaka 1951, alipotoa kitabu chake mwaka 1983 aliitaja katika jina la kitabu kuwa ni sanaa inayotoweka. Nilisimama pale nikitazama twiga ambaye shingo yake inaishia kwenye kovu jeupe ambapo ganda limedondoka, na sikupata wa kumlaumu.

Baadaye nilikwenda Isimila, karibu na Iringa, na kule nikacheka peke yangu kwa furaha. Nguzo za udongo zimesimama bondeni, ndefu kupita nyumba, na nyingi zina kofia ya tabaka gumu kichwani. Ni vinguzo vya ua wa bibi! Mto ulikata tabaka za tope la kale, na palipokuwa na kofia ngumu, chini yake pakasalimika. Korongo hilohilo lilifukua zana za mawe za watu wa zamani sana, mashoka ya mkononi yaliyochongwa pande mbili, na ndiyo maana mwaka 1951 mpita njia aliweza kuyaona yametapakaa chini, na wachimbaji wakaja kuchimba miaka ya 1957 na 1958. Bila mmomonyoko yangekuwa bado yamelala gizani. Nilitamani bibi angekuwepo nimwonyeshe.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo nililisoma nikiwa mtu mzima na baba ameshafariki. Watafiti walichukua mchanga kutoka tabaka za miteremko ya Irangi na kuupima kwa njia ya ajabu. Chembe ya kioo, ile iliyotua chini ya chupa yetu, ikizikwa hukusanya ndani yake alama ya mnururisho hafifu uliomo ardhini. Ikiona jua, alama inafutika. Ukiichimbua gizani na kuimulika maabara, inatoa mwanga kidogo, na mwanga huo unakuambia ni miaka mingapi imepita tangu ilipoliona jua mara ya mwisho. Mchanga wa kwetu ukasema hivi: miteremko ilimomonyoka kati ya takriban miaka 14,500 na 11,400 iliyopita, wakati tabia ya nchi ya dunia nzima ilipokuwa inabadilika na kabla ya ng'ombe yeyote kufika. Ikatulia. Kisha ikaanza tena yapata miaka 900 iliyopita, na safari hii inahusishwa na mikono ya watu.

Miaka 900. Baba alikuwa ameondoka duniani akiamini, kwa kuwa aliambiwa hivyo mikutanoni, kwamba ng'ombe wake 11 ndio walioivunja Kondoa. Walichangia, sikatai, kwato zinafungua ardhi, na mimi nimeona. Lakini deni hilo lilianza kuandikwa kabla ya baba wa baba wa baba yake. Nilifunga karatasi nikakaa kimya muda mrefu. Laiti ningeweza kumsomea.

Mwaka jana nilirudi kijijini kwa ajili ya arubaini ya kaka yangu, yule wa mbele ya mti. Baada ya dua nilipanda mpaka kwenye kiwanja cha bibi. Tembe ilianguka zamani; hakuna aliyekaa humo tangu afariki. Paa lililala kwanza, kisha kuta zikaloa na kuyeyuka, miti ikaliwa na mchwa. Imebaki tuta refu jekundu lenye nyasi, na mlangoni, ngazi zetu. Nikazihesabu mbili. Nikadhani mtu amechukua jiwe moja kujengea.

Mjukuu wa kaka, msichana wa miaka minane hivi, alikuwa amenifuata. Akachutama, akaparua nyasi kwa vidole, akagonga kitu kigumu.

"Shikamoo babu, liko huku," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana. "Hili jiwe linazama."

Lilikuwa lile la chini, tulilolibeba sisi. Udongo wa kuta ulikuwa umeteremka polepole ukalizunguka, na nyasi zikaushika usiende zaidi. Midomo yangu ilishafunguka kumweleza kwamba jiwe halizami, ila udongo ndio unaopanda.

Nikachutama kando yake. Nikamwomba anionyeshe limezama kiasi gani. Akaweka kiganja chake wima ubavuni mwa jiwe, akapima, kisha akakiinua juu ili nione.